Wifi Afungiwe, Asiambiwe

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na ukiweza naomba usicheke mpaka ufike mwisho, maana wote niliowasimulia wamecheka isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye niliyemkosea.

Mimi ni mke wa mtu, fundi wa miwani, siku nzima nawabadilishia watu vioo machoni nikiwauliza hii au hii, ya kwanza au ya pili, na jioni nikishaoga na kula naingia kwenye kompyuta nacheza mchezo, na usinihukumu, wenzangu wana tamthilia zao. Mchezo wenyewe ni ule wa kujitengenezea mhusika, unamvika, unampa kazi, unakutana mtandaoni na watu wengine ambao nao wana wahusika wao, halafu mnajiunga na kundi mnalolipenda, na makundi yapo chungu nzima, wapo wafalme, wapo wachawi, wapo wezi wenye adabu, lakini mimi nilipowaona Walinda Mlango tu moyo ukaniambia ni hawa hawa, usitafute zaidi.

Walinda Mlango ni mashujaa, hilo naomba lieleweke, kwa sababu katika ile dunia kuna mlango wa jiwe na nyuma yake kuna dubwana linaitwa Mmezajua, likitoka linameza jua na habari imeishia hapo, na hakuna mfalme wala mchawi anayekwenda kusimama pale isipokuwa sisi. Ila ni mashujaa wa namna yao, Mshauri. Nafaka ya wanakijiji wanaichukua bila kuomba, eti askari mwenye njaa hafungi mlango, na watu wa gerezani wanawatoa na kuwapa mikuki, na kuna daraja walilichoma wafanyabiashara wakiwa juu yake kwa sababu mmoja wao alishaumwa na dubwana na hawakujua ni yupi. Ukipita kijijini na joho letu, nusu ya watu wanakubusu mkono na nusu wanatema mate, na mara nyingine ni mtu yule yule. Mimi nililipenda sana hilo, labda kwa sababu kazini kwangu hakuna anayenibusu wala kunitemea.

Sasa sheria yao kubwa ni kwamba kila mlango unapolegea mwisho wa msimu, kamanda anamchagua mlinzi mmoja, anafungiwa ndani pamoja na dubwana, na uhai wake ndio unakuwa komeo, akiwa na uhai mwingi mlango unakaa muda mrefu, akiwa na uhai kidogo mnarudi pale pale, na akishafungiwa hatoki tena, mhusika amekwenda na kila kitu ulichomjengea. Kamanda wa kikosi chetu ni mimi, na mwenye uhai mwingi kuliko wote ni wifi yangu.

Wifi ni dada wa mume wangu, anaendesha winchi kwenye majengo marefu, alikuja kwetu ndoa yake ilipovunjika akasema anakaa wiki mbili, na chumba cha kupigia pasi kikawa chake mpaka leo. Mwanzoni tuliishi kama wapangaji, nikiingia jikoni anatoka, akiingia sebuleni mimi nakumbuka nguo kwenye kamba, na maneno yetu ya siku nzima ni "sufuria lile limeungua" na "nimeona." Mpaka Jumapili moja majambazi wamenizidi kwenye mchezo, nikasikia sauti nyuma yangu, "Kushoto. Kushoto kwako wewe mtu, unaangalia nini na kazi yako ni macho?" Nikageuka kushoto nikapona. Toka hapo naye akajitengenezea mganga, akamwita Bibi Kidonge, akawa anatutibu kikosi kizima huku anatusema, na wifi akaanza kucheka, mtu ambaye hata kaka yake alikuwa amesahau meno yake yakoje. Kule mchezoni akawa ananiita Kamanda wangu, na baadaye hata tukitandika vitanda ni Kamanda wangu, shika hiyo ncha.

Kikosini tuko wanne, mimi, wifi, daktari wa meno tunayemwita Ng'oa, na mlinzi wa ghala tunayemwita Kipara. Msimu ulipokaribia kuisha sisi watatu tukakaa kikao pembeni bila wifi. Ng'oa akasema, kwa ile sauti anayowaambia wagonjwa haitauma, "Bibi Kidonge akiingia tuna misimu mitatu ya amani. Kipara akiingia hatumalizi hata mmoja." Kipara akasema yeye hana neno, lakini hesabu ni hesabu. Nikauliza, tumwambie? Ng'oa akasema, "Ukimwambia mgonjwa unang'oa, anafunga mdomo." Nikakubali, Mshauri, roho ikanisuta nikaiambia nyamaza wewe, dunia kwanza.

Kesho yake kazini nikataka kuwathibitishia Ng'oa na Kipara. Kundi letu la simu, la sisi watatu bila wifi, linaitwa Walinda Mlango. Kundi la ukoo wa mume wangu linaitwa Mlango Wetu, maana wao ni mlango mmoja wa ukoo mkubwa. Mkono mmoja una gundi ya fremu, mwingine una simu, nikaandika: "Kikao kimekubali. Wifi afungiwe Jumamosi. Asiambiwe." Nikatuma Mlango Wetu, ambako wifi mwenyewe yumo.

Wa kwanza kujibu alikuwa shangazi wa mume wangu, akaandika Amina, yeye huandika Amina kwa kila kitu hata ukitangaza maji yamekatika. Baba mdogo akauliza hicho kikao kilikaa wapi mbona hakualikwa. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kufunga mitambo ya intaneti majumbani, akadhani ni wifi ya ukutani, akauliza hapo hapo kundini kwa nini naifunga na kwa nini asiambiwe yeye ambaye ndiye fundi. Lakini mama mkwe wangu alifundisha sarufi mpaka akastaafu, na yeye akaandika: "Intaneti haiambiwi wala haifichwi jambo. Ingekuwa ya ukutani tungesoma ifungiwe. Hapa ni ngeli ya watu. Mwanangu anafungiwa wapi?"

Niliporudi nyumbani nikakuta gari la kukodi mlangoni, mama mkwe anatoka na binti yake na begi, akanipita na kuniamkia, "Shikamoo." Yeye, mimi. Hapo nikajua nimekwisha.

Jioni ile ile tulikwenda na mume wangu kueleza, nikaeleza yote, dubwana, komeo, Kipara, na mama mkwe akacheka mpaka akashika ukuta, akasema jamani kumbe ni mchezo tu, na mume wangu akasema si nilikwambia, mchezo tu. Wifi hakucheka. Akaniuliza, "Kwa hiyo ule ujumbe ulikuwa wa kweli." Nikamwambia ulikuwa wa mchezo. Akasema, "Nimekuuliza kama ulikuwa wa kweli." Akaingia chumbani akafunga mlango taratibu, na afadhali angeubamiza.

Sasa Jumamosi inakuja, Ng'oa ananiambia kamanda ni yule anayeamua, nisipomfungia mtu, Mmezajua linatoka na kikosi chote kinafutika, nikimfungia wifi basi huyo harudi kwangu tena, na chumba cha pasi kimekaa kimya mpaka nimepiga pasi mataulo ili nipate sababu ya kuingia. Nisaidie. Nifanye nini arudi, na nimfungie nani?

Ni mimi, Kamanda niliyebaki na intaneti bila wifi.

*

Kamanda, umeniomba nisicheke mpaka mwisho. Nilijikaza vizuri tu hadi nilipofika kwenye Amina ya shangazi. Nisamehe, na umsalimie.

Kwa kuwa mambo ya michezo hii siyajui, barua yako niliipeleka kwa mpanga kurasa wetu, bwana mkimya ambaye sijawahi kumsikia akimaliza sentensi. Alisimama. Akanihutubia. Kumbe naye yumo, tena upande wa wezi wenye adabu, na kwa maoni yake Walinda Mlango ni wauaji waliojaliwa hotuba nzuri. Dada wa mapokezi akamjibu kwamba bila hao wauaji huyo mwizi wake angeiba gizani. Nikajua kumbe na yeye yumo. Wamebishana mpaka mhariri akaja kuuliza gazeti linatoka leo au halitoki. Basi nimeelewa utamu wenyewe uko wapi: mashujaa wasio na doa hawagombaniwi na mtu. Hao wako wana madoa ya kutosha, na sikulaumu kwa kuwapenda.

Lakini tuje kwako. Mama mkwe wako, mwalimu, amekamata neno la katikati, na amelikamata sawasawa. Mimi nakukamata kwenye neno la mwisho.

"Afungiwe" si lako. Ni sheria ya kundi, ngumu kweli kweli, lakini ilikuwepo na wifi yako aliivaa pamoja na lile joho. "Asiambiwe" ndilo lenu, nyinyi watatu, hakuna mchezo uliowalazimisha. Mtu akiambiwa akakubali kuingia, huyo ni shujaa. Asipoambiwa, huyo ni kuni, na waliobaki nje wanaota moto. Dunia kwanza, umesema. Haya. Na yeye si wa dunia hiyo?

Huyo Ng'oa nina neno naye pia. Mimi nimeng'olewa meno mawili na mara zote nilifungua mdomo mwenyewe. Daktari anayevizia meno ya watu simtaki hata kwenye mchezo.

Halafu kuna jambo umeliandika kwa mstari mmoja ukapita: ndoa yake ilivunjika. Ilivunjikaje hukusema, na sikuulizi. Ila nimesoma barua za wake na waume walioachwa kwa miaka mingi, na karibu wote hulia kitu kimoja, kwamba siku wanaambiwa, mambo yalishaamuliwa, na kila mtu alishajua isipokuwa wao. Sasa mwanamke huyo kaja kwenu, kakaa chumba cha pasi kama mzigo, kapata mahali pamoja duniani ambapo anahitajika, akaanza kucheka. Na hapo hapo wakakaa kikao bila yeye. Alipokuuliza kama ujumbe ulikuwa wa kweli, hakuwa anamuulizia Bibi Kidonge.

Na wewe ukamkwepa. Bibi wewe, siku nzima unawauliza watu ya kwanza au ya pili na unangoja wakujibu. Mbona ulipoulizwa wewe ulitafuta ya tatu?

Fanya hivi. Leo, usingoje kesho, nenda kwa mama mkwe wako. Usipige simu, usiandike ujumbe, wewe na simu mpumzike kidogo. Usiende na mume wako, maana atasema "mchezo tu" na safari itakuwa ya bure. Ukifika mpe mama shikamoo mbili, moja ya kwake na moja ya kumrudishia ile aliyokupa, atakuelewa, mwalimu yule. Kisha mwombe kuonana na wifi yako na umjibu swali lake kama lilivyoulizwa. Sema: ndiyo, ulikuwa wa kweli, nilikubali ufungiwe na nilikubali usiambiwe, na nilijua ni vibaya. Ukishasema, nyamaza. Kunyamaza kutakuwa kugumu kwako, naona kwa barua. Atakusema, na mtu anayeendesha winchi amezoea kusema ili asikike chini. Vumilia. Usijitetee kwa dubwana.

Kuhusu Jumamosi, itisha kikao upya, wote wanne, mlango wazi. Ng'oa atoe hesabu yake mbele ya anayehesabiwa tuone kama sauti itabaki ile ile. Na nyongeza: nimeambiwa uhai wa Bibi Kidonge, nimeambiwa wa Kipara, nimerudia barua yako nikitafuta uhai wa kamanda ni kiasi gani. Hukuuandika. Hakuna mahali uliposema sheria inamsamehe kamanda, kwa hiyo uweke na wako mezani. Akijitolea mtu, mshukuruni na mumlilie vizuri. Wifi yako akisema yeye haingii, basi haingii, na asibembelezwe wala asinuniwe, hapana yake iwe hapana.

Na kama hakuna anayejitolea, asifungiwe mtu. Subirini hapo nje mlango ufunguke, mpigane. Nimemuuliza mpanga kurasa kama kipo kikosi kilichowahi kulishinda hilo Mmezajua hivyo. Amesema hakuna hata kimoja, wote huliwa kabla chai haijapoa. Sawa. Liweni wote wanne. Jua lenu litamezwa, mhusika wako uliyemjenga kwa taabu atapotea, na Jumapili asubuhi utakuwa na mtu jikoni wa kubishana naye mlikosea wapi.