Hadassa kwenye mizani ya mawe

Fidélie, siamini! Mdogo wangu Hadassa amepanda mizani ya kupimia mawe ya shaba ya mgodi wa Kamatanda, ile ya mnunuzi Tshimanga hapa Kikula, mbele ya wachimbaji wote!

Wiki tatu amefunga na wamama wa maombi. Mchungaji alimsifu kanisani. Kumbe hakuwa na ombi lolote, alitaka kupungua uzito tu!

Tshimanga akasoma kwa sauti: "Kilo sabini na mbili! Mutoto, weye unapita hata gunia la shaba!"

Wakacheka wote. SABINI NA MBILI. Kabla ya kufunga alikuwa sitini na nane!

Hakulia. Aliniambia tu mimi mkubwa wake, "Yaya, lakini sikukula."

Mchana hakula, kweli. Ila kila jioni, baada ya amina, aliinamia sufuria ya bukari, ugali wetu, akala mbiombio kama mtu anayefukuzwa. Nilimwona.

Nikamwambia, "Kula asubuhi kama sisi."

"Asubuhi? Yaya, weye unataka ninenepe?"

Sasa hivi amejiandikisha tena kufunga. Siku ishirini na moja, mara hii hata maji ya mchana hanywi. Mama anapiga vigelegele: binti yake ni mtu wa maombi!