Ng'ombe wa Hussein

Masalani, Jumatatu

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepoa na baridi ya huko Wundanyi haikusumbui sana. Mimi mwili ni mzima, pampu za visima bado zinanipa kazi.

Jana nilikwenda kwa Hussein, yule rafiki aliyenipa kitanda nilipofika huku bila kumjua mtu. Simu zangu alikuwa hapokei wiki tatu. Nilitoka alfajiri na sukari na majani ya chai, nikafuata njia za ng'ombe. Mwiba wa mti wa mathenge ulitoboa gurudumu mara mbili, na penye mchanga nilisukuma pikipiki kwa mkono. Nilifika adhuhuri.

Hussein alisimama kwenye mwanya wa ua wa miiba.

"Mtaita, hii bikibiki bado haijakufa?"

Nilicheka. Yeye hakusogea anipishe.

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Anasema usiingie."

Baba, unajua wewe ndiye uliyenifundisha kuandika kila kitu kwenye daftari, na tarehe yake. Safari iliyopita, ng'ombe wake waliporudi zizini, nilisimama mlangoni nikawahesabu kwa sauti, nikiwanyooshea kalamu mmoja mmoja. Arobaini na mmoja. Nilidhani ninamsifu. Mama yake alitoka, akanitazama, akarudi ndani. Huku mali ya mtu haihesabiwi hivyo. Ni kuiitia balaa. Mwezi haukuisha, ugonjwa wa mapafu ukaingia. Walibaki tisa.

"Ni ugonjwa, Hussein. Hata wa jirani walikufa."

"Mimi najua, walaal, ndugu yangu. Daktari wa mifugo alikuja, nikamsikia na masikio yangu. Lakini hii nyumba ni ya hooyo, ya mama. Wewe ulihesabu kwa mdomo, kwa kalamu, halafu ukatia kwa kitabu."

Nilitoa daftari, nikachana ukurasa ule, nikampa. Akampelekea mama yake. Niliuona moshi mdogo mbele ya nyumba. Kisha mama mwenyewe akaja mpaka uani, akasema maneno machache ya Kisomali. Hussein alitazama chini akinitafsiria.

"Anasema karatasi imeungua. Hesabu bado iko kwa kichwa yako."

Miaka yote nimekunywa maziwa ya nyumba ile kutoka kibuyu kimoja na Hussein. Jana aliniletea maji kwenye kopo, nikanywa nje nimesimama kama mpita njia. Sukari na majani ya chai alinirudishia.

"Nitakupigia," akasema. Hajapiga, na sidhani atapiga.

Nikirudi nilikutana na ng'ombe wake wakivuka njia. Nilizima pikipiki, nikakazia macho gurudumu la mbele mpaka vumbi likatulia. Hata hivyo najua walikuwa tisa.

Sikulaumu, Baba. Lakini ulinifundisha kuandika, hukuniambia kuna vitu vya kuacha. Kwenye ukurasa wa jana wa daftari nimeandika "Jumapili", basi.

Nisalimie dada Mghoi na mumewe, na shangazi anayeuza ndizi sokoni. Mama mwambie sukari iliyorudi nitamletea mwenyewe, mimi siwezi kuinywea chai. Nijulishe kama mbuzi wake wanaendelea vizuri. Usiniandikie ni wangapi.

Mwanao,
Mwakio