Hasira Niliyopanda Nayo Mlimani

Uingereza, Jumapili alasiri

Mama yangu mpendwa,

Sitakutumia salamu nyingi kama nyota, maana najua Mwanda wakati huu ni ukungu mtupu na nyota zenyewe hamzioni. Nakutumia salamu za kumtosha mtu mmoja, uzinywe na chai zikiwa moto. Goti linaendeleaje? Yule ng'ombe mwenye dharau bado anaipiga ndoo teke, au ameokoka? Na viazi vya kule mtaroni, vimepona baridi? Mimi ni mzima. Ngozi ya pua imebambuka kwa jua la kwenye theluji, na kucha za vidole vya miguu zimekuwa nyeusi, lakini wazee ninaowatunza hapa kazini hawajalalamika, kwa kuwa wengi wao hawaoni vizuri.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu yako husomwa na ukoo mzima. Nikituma ujumbe, kaka anausoma kwa sauti, shangazi anauliza umesema nini, na kabla maji hayajachemka habari imefika Wundanyi. Hii vaa miwani uisome mwenyewe.

Uliponipigia kabla ya Pasaka ulikuwa na mambo mawili. La kwanza, kwamba Wakesho wangu anaolewa Desemba, na kwenye kiti cha mama wa bibi harusi atakaa Mkamburi. La pili, kwamba nitase. Nichukue maji mdomoni, niyapulize chini, niseme hasira imetoka, halafu nije nikae nyuma na wageni wengine nile pilau. Ulisema mama mwenye hasira humtia mwanawe mkosi. Nikakujibu, "Nimesikia, Mama." Wewe unatujua. Mtu wa kwetu akisema amesikia, bado hajakubali kitu.

Nikukumbushe nilichobebea hasira, si kwamba umesahau, ila nikiandika napata nguvu. Mimi nilikuja huku kwa makubaliano na Maghanga, mume wangu wa ndoa ya kanisani. Tulikubaliana mezani kwako, ukiwa umekaa pale unachambua maharagwe. Kabla viatu vyangu havijazoea baridi, akaanza kueneza Voi nzima kwamba nimepata mzungu na nimekataa kurudi. Akalia mbele ya waumini, wakamwekea mikono. Kisha akafarijiwa na Mkamburi, yule yule aliyenisimamia siku ya harusi yangu, na faraja ikakolea mpaka ikazaa mapacha. Hayo ningeyasamehe. Mwanamume akiondoka ni kama mvua kukata. Unasikitika, halafu unapanda mtama. Lakini alimwambia Wakesho kwamba nimemkana, kwamba nimesema nisisumbuliwe na mtoto. Msichana akaacha kushika simu zangu, akaanza kumwita Mkamburi mama. Hapo ndipo nilipokaa na hasira yangu, nikailisha, ikanenepa.

Sasa, unamjua Mshai, niliyesoma naye Mwanda. Yeye ndiye katibu wa kile kikundi cha Voi cha kupanda milima, wale wanaopanda Vuria kila Jumamosi na fimbo za chuma mikono miwili kama vipofu. Mwenyekiti ni Maghanga. Popote penye kiti yeye hukalia. Walishapanda Kilimanjaro, wakaona Afrika haiwatoshi, wakajiandikisha kwa likizo ya Himalaya, ya kutembezwa na wenyeji mpaka kwenye mguu wa ule mlima mrefu kuliko yote. Mwenzao mmoja akajitoa. Mshai akaninong'oneza. Nikaichukua nafasi ile kwa jina langu la ubatizo na jina la Baba, majina ambayo Maghanga hajawahi kuyaweka pamoja kichwani, nikaomba likizo yangu yote ya mwaka.

Usishtuke, sikuwa na mpango wa kumsukuma bondeni. Nilitaka mahali asipoweza kunikimbia. Voi mtu akibanwa na ukweli anakumbuka mkutano. Mlimani hakuna mkutano. Nilitaka atamke mwenyewe kwamba alisema uongo, na Wakesho amsikie. Basi.

Tulikutana hotelini Kathmandu, asubuhi, kwenye foleni ya mayai. Maghanga akageuka na sahani yake.

"Mama Wakesho?"

"Chukua mayai, Baba Wakesho. Unazuia watu."

"Umekuja kufanya nini huku?"

"Likizo. Mzungu wangu ameniruhusu."

Mshai alipaliwa na chai ikabidi apigwe mgongoni.

Mama, ile nchi ungeipenda. Ndege yake ya kwenda milimani ni ndogo kama matwana ya Mwatate na rubani ana haraka ile ile. Watu wa kule wamekata matuta milimani kama sisi, wanalima viazi kama sisi, na wanawake hubeba mizigo kwa mshipi wa paji la uso, vile ulivyokuwa ukibeba kuni. Kuna madaraja ya kamba za chuma yanayoninginia juu ya mto, na katikati ya daraja unakutana na mnyama mwenye nywele kama blanketi na kengele shingoni, ambaye hajui kupisha. Chakula ni wali na dengu mchana, na usiku, ili usichoke, ni dengu na wali. Nyumba za wageni hupashwa joto kwa jiko linalowashwa kwa samadi iliyokaushwa. Wenzetu wa Voi walikunja pua siku ya kwanza. Siku ya tatu walikuwa wanagombea kukaa karibu na samadi.

Kiongozi wetu aliitwa Pasang, mtu mfupi, mpole, asiyepandisha sauti. Kila asubuhi alitubana kidole na kijidude cha kupima pumzi, na kila asubuhi alisema neno moja: polepole. Hewa ya juu ni nyembamba, ukiikimbilia inakuadhibu. Kichwa kikiuma, useme. Kikizidi, ushuke, hakuna dawa nyingine.

Maghanga alisikia, lakini alikuwa na shida yake. Nilikuwa nimechagua kutembea mbele, nyuma tu ya Pasang, na yeye hakuweza kustahimili kuutazama mgongo wangu mchana kutwa. Kila tukipumzika ananipita. Nami nikishapumua vizuri nampita taratibu, namwambia, "Pole, mwenyekiti." Anaongeza hatua. Pasang anamwita, anajifanya hasikii. Kwa hiyo, Mama, mtu akikuuliza kama hasira yangu ilimtia Maghanga ugonjwa, mjibu ndiyo, lakini ilipitia miguuni.

Na huko njiani hakuacha mahubiri. Kuna vitambaa vya rangi vinavyopepea kila kilele, maandishi ya sala zao. Kuna magurudumu ya shaba unayoyazungusha ukipita. Maghanga aliwaita wote washenzi. "Hawa ni kama wazee wetu," akasema, "wanaotema pombe ya miwa chini wakidhani Mungu anakunywa." Hukusahau, najua, jinsi alivyokukataza kututasia, kutupulizia baraka, siku ya harusi yetu. Alisema sisi tumeokoka. Wewe ukatoka na kibuyu chako, ukakaa jikoni.

Basi, tulipofika juu kule ambako hata majani hayaoti, tukaingia nyumba moja ya mawe kula chakula cha mchana. Maghanga alikaa kwenye benchi, akakataa wali. Akajaribu kuvaa glavu, ikawa anatia kidole gumba mahali pa kidole cha mwisho. Akasimama kwenda nje kutapika, akayumba kama mtu aliyetoka matangani. Pasang akambana kidole, akatazama kile kijidude, akakitazama tena.

"Ashuke," akasema. "Sasa. Akilala hapa, hataamka vizuri."

Watu wote wakaanza kukusanya mzigo wake. Maghanga akashika ukingo wa benchi.

"Siondoki."

"Mwenyekiti, umesikia mtu anasema nini?" Mshai akamuuliza.

"Huyu hajui ugonjwa wangu. Ugonjwa wangu umekaa pale." Akaninyooshea kidole, kile kidole kilichoshindwa kuingia kwenye glavu. "Ni hasira ya huyu mwanamke. Nimeihisi tangu kwenye mayai. Nikishuka nayo nitafia njiani. Mghoi, tasa."

Mama, wote waliacha mizigo wakamgeukia. Hata samadi iliacha kutatarika. Mzee wa kanisa, mwenye shahada, mwenye kamati tatu.

Pasang akauliza kuna nini. Mshai akamweleza kwa Kiingereza: kwetu mtu akikuwekea hasira moyoni, hasira yenyewe inaweza kukuangusha, na dawa ni yeye mwenyewe apulize maji na kusema imetoka. Nilidhani Pasang atacheka. Akatazama tu dirishani.

"Hata kwetu yapo," akasema. "Lakini apulize upesi, wingu linashuka."

Nikasogeza kiti, nikakaa mbele ya Maghanga, magoti kwa magoti.

"Si ulisema hayo ni mambo ya giza?"

"Nakuomba, Mghoi."

"Kwani nilikutenda nini, Baba Wakesho? Si mimi niliyepata mzungu? Mwenye kosa ni mimi. Wewe ndiye wa kutasa."

"Usinifanyie hivyo. Kichwa kinapasuka."

"Mpigie Wakesho."

"Nitampigia nikifika chini."

"Chini utapata mkutano. Mpigie hapa."

Mshai alikuwa ameshaunganisha simu na mtandao wa mwenye nyumba. Sikumnyang'anya mtu dawa, Mama, wala sikukalia mlango. Pasang alikuwa ameshawaita vijana wawili wa kumshusha, kamba na blanketi ziko tayari. Ni yeye aliyejifunga kwangu. Na ukiniuliza kama nilimhurumia, nilimhurumia kidogo, nikakumbuka, ikaisha.

Wakesho akashika. Sura yake ikatokea kwenye kioo, nywele zimesukwa nusu, yuko saluni kule Voi.

"Baba, mbona uko hivyo?"

"Wakesho, sikiliza. Mama yako hakukukana." Akapumua. "Hakuwa na mzungu. Mimi nilisema hivyo kwa sababu nilitaka... Mimi nilisema. Alikuwa anapiga, nami nikamwambia hutaki kuongea naye. Nilikudanganya. Na kanisa nalo nililidanganya."

Kikundi chote cha Voi kilikuwa kimesimama nyuma yake, na vikombe mkononi, hakuna aliyekunywa. Wale ndio waliomwombea. Nilizitazama nyuso zao moja moja. Sikuharakisha.

Wakesho akausogeza mkono wa msusi kichwani mwake. Halafu nikasikia, "Mpe Mama simu." Nikaipokea. Alinitazama, na pua hii iliyobambuka.

"Huko kuna baridi, Mama?"

"Si kama ya Mwanda," nikamwambia.

Nilipomrudishia Mshai simu, Maghanga alikuwa bado ananitazama mdomoni kama kifaranga. Mwenye nyumba alinipa kikombe cha maji ya tangawizi ya uvuguvugu. Nikajaza mdomo, watu wote wakiona, nikatoka mpaka nje ya mlango, nikawageuzia mgongo, nikakaa kidogo na ukungu. Niliporudi nikajifuta midomo na kumwambia, "Haya. Shuka." Akafungwa mgongoni mwa kijana mmoja kama mtoto anayepelekwa kliniki, akashushwa. Siku ya pili tukasikia yuko kijiji cha chini, kichwa kimepoa na amekula sahani ya viazi.

Mimi niliendelea mpaka mwisho. Ule mlima, Mama, ni mkubwa kweli, lakini hausemi na mtu. Nilipigwa picha mbele yake, meno yote nje, nikamtumia Mkamburi. Sikuandika neno.

Nasikia amesharudi Voi na anatoa ushuhuda. Kwamba hasira ya Mghoi ilimshika juu ya theluji, kwamba alikuwa mfu, na kwamba nilipotasa tu akahisi kitu kimemtoka kisogoni. Mkamburi ameambiwa akae meza ya wageni. Wakesho hunipigia kila Jumapili nikitoka kazini, anauliza rangi ya vitambaa vya harusi kana kwamba mimi najua rangi. Nawe ulinipigia ukilia kwa furaha, ukasema sasa moyo wako umetulia, binti yako ametasa mwenyewe bila kusukumwa, na kwenye mguu wa mlima wa watu.

Nisalimie kaka, na umwambie simu si redio. Nisalimie shangazi wa Bomeni, mwenye ndizi, kwamba nguo aliyoniagiza nimeipata na ni kubwa kama alivyotaka. Nisalimie mjomba anayelala kanisani, na wifi anayemwamsha. Yule ng'ombe msalimie kwa mbali.

Sasa lililobaki ni lako peke yako. Pale nje ya mlango, maji yakiwa mdomoni, nilitaka kuyapuliza. Nilikusudia kweli, kwa ajili yako. Nikawaza miaka yote ambayo mtoto wangu alilala akijua mama hamtaki. Nikayameza. Yalikuwa matamu, yametiwa asali. Maghanga alipona kwa kushushwa, kama Pasang alivyosema. Hilo lisitoke kwako. Mwache kila kichwa kikimuuma ajiulize kama niliimaliza yote, na vichwa huuma mara nyingi katika umri wetu.

Desemba nitakuja. Toa kibuyu chako jikoni ukilete mbele ya watu, hakuna atakayekukataza tena. Kwa Wakesho sina hasira hata tone, nitampulizia mpaka shela ilowe. Lakini baba yake akisogea karibu apate naye mnyunyizo, mimi nitafunga mdomo, na wewe Mama utatazama kando.

Ni mimi mwanao,

Mghoi,
mama wa bibi harusi