Kuku wa Bati Mwenye Mguu Mmoja

Mama,

Nakuandikia nikiwa na kichefuchefu, na sina mwingine wa kumwambia.

Siku ya kukuzika tulikutoa nyumbani bila mkeka wako, ule wa safu za kuku wa mguu mmoja, uliousuka miezi yako ya mwisho ukaniagiza, "Munivingirishe mu huu." Kaka yako, Mjomba Sumaili, aliukataa. "Mutu muzima hawezi kuzikwa na muchezo wa batoto," akasema. Wote walijua kuku wale uliwasuka kwa kumwiga yule wa bati, wa kuchezea, uliyemwokota kwenye takataka nyuma ya duka la Mgiriki hapa Kasongo, mguu umekatika. Ulimweka karibu na goti lako ukisuka. Nikikuambia umwongezee mguu wa pili, unanijibu, "Kama yeye hana, mimi nitautoa wapi?" Basi tukakufunga katika blanketi la dukani linalonuka mafuta ya taa. Nami nilinyamaza, Mama. Hilo linanichukiza kuliko yote.

Arobaini yako haijafika, nilipeleka mboga kwa mzungu wa serikali, nikaukuta mkeka wako ukutani. Mjomba yuko pale, kofia mkononi, anatafuta kufanywa kapita, mkuu wa kijiji chini ya serikali, anamweleza eti hao ni kuku wa mizimu ya mababu. Mzungu anaitikia kwa kichwa kama yuko kanisani. Mababu gani! Nilitamani kuwatapikia miguuni.

Baadaye mzungu akaniita nimsukie mkeka mwingine wa "mababu". Nikaenda na kuku wako wa bati, nikamweka mezani pake. Akamtazama, akatazama ukuta, akawa mwekundu. Akamwamuru mpishi auteremshe mkeka, amtandikie mbwa. Nyuzi ni zilezile alizozistahi, Mama, ulizozichemsha na matope zikolee rangi kwa mikono yako! Nikaukunja mbele yao, nikamchukua na kuku, nikatoka. Mjomba hajakanyaga kwangu tangu siku hiyo, na asikanyage.

Nimeufua mtoni. Uko chini ya kitanda changu, kuku wa bati amelala ndani yake. Watoto wangu nimewaapisha.

Vumilia hilo blanketi. Mkeka nitakuletea mwenyewe siku yangu ikifika, nimevingirishwa humo. Ukiona kuku wa mguu mmoja wanakuja, sogea kidogo, unipe nafasi.

Binti yako,
Zaina