Mahindi Niliyopanda Chalbi

Mke wangu mpendwa, Mama Owor,

Barua zilizofungwa hufunguliwa mpakani na wanajeshi, kwa hiyo hii nimempa mwenye gazeti aichape wazi, tuwapunguzie kazi. Akina Mama Owor ni wengi Tororo. Wewe utajijua kwa shamba lako la wimbi, ulezi usiokubali kuuacha.

Unakumbuka siku ile shambani Iyolwa? Mvua ya alasiri ilikuwa imekatika punde tu na udongo ulikuwa ukitoa mvuke. Nilikuja mbio kukuambia kwamba maneno yangu kwenye chungu cha pombe, kwamba jeshi hili linaila nchi kama nzige, yalikuwa yamefika kambini. Sikukuomba tuondoke, nilikuhutubia, kama kawaida yangu. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukang'oa gugu jingine, ukasema kwa Kiswahili chako cha shambani:

"Mwalimu, wewe nakwenda. Mimi nakuja kama nimevuna."

Nikavuka mpaka wa Busia peke yangu kwa baiskeli, nguo zikinidondoka maji ya mvua ya njiani.

Kenya ilinipa kazi ya kufundisha jiografia huku kaskazini, kando ya jangwa la Chalbi. Vitabu vya shule vinatuweka mimi na wewe katika ukanda mmoja wa joto, kana kwamba tunalala nyumba moja. Natamani aliyeviandika aje akae huku. Joto la kwenu lina maji ndani yake. Linakubana mpaka saa nane, mawingu yanajikusanya juu ya Mwamba wa Tororo, yanamwagika, na mtu anavuta pumzi. Usiku mawingu hayo yanatufunika, kwa hiyo kunapopambazuka bado kuna uvuguvugu wa jana. Huku hakuna wingu la kulizuia jua lisiingie, wala la kulizuia joto lisitoroke. Mchana mawe yananiunguza kupitia viatu; alfajiri natafuta shuka la pili, na mwenye kunivutia shuka hayupo.

Halafu siku moja mvua ikaja. Ilipiga bati kwa kishindo kile cha kwetu, nikatoka nje nikasimama nilowe. Kesho yake nikafanya kama tunavyofanya Iyolwa: udongo ukishalowa tu, mbegu chini. Nilipanda mahindi nyuma ya nyumba. Jirani yangu Halima, muuza chai, alisimama kunitazama.

"Mwalimu," akasema, "hiyo ilikuwa salamu tu. Mgeni mwenyewe haji."

Nilibishana naye. Unajua nisivyokubali kushindwa. Mahindi yaliota, yakafikia urefu wa kidole, yakakauka. Niliyamwagia maji yangu ya kuoga, na mbingu zikabaki nyeupe. Nikakaa pale chini kando yake, mtu mzima, nikalia.

Ndipo nilipokuelewa. Muda wote nilikuwa nikikulaumu. Kila nilipohesabu kwamba umeshavuna, nilitazama barabara, kisha nikasema moyoni kwamba mavuno ni udhuru. Lakini huko kwenu mvua ni mbili kwa mwaka. Wimbi halijaisha kukauka uani, ardhi imelowa tena, mbegu zinadai kupandwa. Hakuna siku ambayo shamba lako liko tupu ukaweza kulipa kisogo. Mimi niliye mahali pasipo na kitu cha kuacha, nilikutaka uache kila kitu.

Nilipomweleza Halima hayo, alicheka. Watu wake wana ngamia. Hawaketi mahali kuingoja mvua. Ikinyesha kule, wanahamia kule. Akaniuliza kama miguu yangu ina ugonjwa.

Basi usije, Mama Owor. Palilia. Nimeacha kazi, nahamia Malaba, mpakani ng'ambo tu ya Tororo, upande huu wa Kenya. Wenye bunduki wakisoma haya, na wasome. Mpaka wao wameufunga kwa watu, kwa mawingu hawauwezi. Alasiri utakapoona yanajikusanya juu ya Mwamba, mtume Owor aanue nguo, kisha usimame kidogo mlangoni. Yakishamwagika kwako, yatakuja kwangu. Nitakuwa nimesimama nje.

Mumeo,
Baba Owor