Feni la Shabani

Jumanne, jioni. Joto, mawingu yamejaa na mvua haitaki kushuka.

...basi muuza mkaa alinikatisha hadithi ndo nafika penyewe. Shabani, mwanangu wa kwanza, yule anayefanya kazi mgodi wa urani nje ya nchi, chini ya ardhi kabisa. Kule mwamba unatoa hewa inaitwa radoni. Haina harufu, haina rangi. Leo hukohoi, kesho hukohoi, miaka mbele ndo kansa ya mapafu. Kwa hiyo wana mafeni yanawasukumia hewa safi kutoka juu, hayazimwi.

Mchana anakulaga kwenye kichumba hukohuko chini. Kuna intaneti, ananipigia. Na mie mnanijua. Nampa Mbagala yote: nani kaposwa, nani kafungashiwa virago. Tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Ila feni la kile kichumba linanguruma. Nikawa namwambia, "Zima hilo dude, baba, sikusikii." Anazima.

Kila siku anazima.

Jana mkewe, Rehema, mama wa mjukuu wangu Nasra, akanikalisha kitako. Kumbe wanavaaga kidude kinachopima hiyo radoni wanayovuta, na cha Shabani kimesoma juu kuliko wenzie wote. Bosi kamuuliza, kasema kweli: nazima feni niongee na mama. Wamemtoa chini, wanampima upya.

Rehema hakunigombeza. Kasema tu, "Mama, hukujua." Bora angenitukana, roho ingetulia.

Leo Mama Zai wa jirani kaja na umbea wa harusi iliyovunjika, mtamu kweli. Nimemwitikia "ehee, ehee", hata bwana harusi simkumbuki ni nani.

Kinachoniuma ni hiki: Shabani alijua. Mafunzo kapewa, mie sina. Ila kwetu mtoto hamkati mama maneno, na angesema "feni halizimwi, mama", mie ningenuna wiki nzima. Najijua. Akaona bora avute ile hewa kuliko mie ninune.

Sasa kifua chake kina nini humo ndani? Nani anaweza kukipepea?

Wakimrudisha chini, nikipokea simu nasikiliza feni kwanza. Nikikuta kimya nakata, anune yeye. Na nikianza kusema simalizi, basi nitamwa...

Rehema anaita huko uani. "Mama, njoo, Baba Nasra kwenye simu, majibu yametoka. Anataka aanze na wewe."

Naenda. Leo nasikiliza tu.