Madoa Aliinuka

Mazwi, Sumbawanga
2 Machi 2025

Baba yangu Masunga,

Shikamoo. Mimi mzima kiasi, natumaini na ninyi huko Ilemba hamjambo, watu na ng'ombe. Baridi ya huku juu bado inanitafuna. Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu simu ya nyumbani anaishika mama, na haya sitaki ayasikie. Barua nampa Stanley, dereva anayefuata mpunga huko.

Nilikueleza habari za Maximilian, mwenye jimu. Amenipa chumba nyuma ya jimu, bure. Tena amemwita mchoraji, nimechorwa ukutani upande wa barabarani, kifua wazi, mikono kama magogo. Wapita njia wananinyooshea vidole. Kazi yangu ni kunyanyua vyuma pamoja na kila mteja anayeingia: asubuhi walimu, jioni vijana wa bodaboda. Juni ananipeleka kwenye mashindano Mbeya.

Tatizo, baba, napungua. Naongeza vyuma, mwili unapungua. Usingizi sipati, ugali haupiti, na asubuhi moyo unakwenda mbio hata kabla sijashuka kitandani. Wewe unajua miili. Nifanye nini?

Mwanao,
Yonas


Ilemba
9 Machi 2025

Mwanangu Yonas,

Marahaba. Sisi wazima, ila mama yako goti linamsumbua. Ameniuliza Stanley kaleta nini, nikamwambia habari za mpunga. Usinifanye mwongo zaidi ya hapo.

Mimi najua miili ya ng'ombe, basi nakujibu kwa ng'ombe. Akikataa majani, akiwa mkali bila sababu, akipumua kwa haraka na hajavuta kitu, huyo amechoka. Dawa ya kuchoka haiuzwi Sumbawanga wala Mbeya. Ng'ombe hapati nguvu akiwa kwenye nira. Anaipata akiwa amelala, anacheua. Ukimfunga kila siku unamla angali hai.

Kwa hiyo leo fanya kazi, kesho lala, ule. Mwambie Maximilian baba yako amesema. Na huyo wa ukutani asikutishe, yeye hali wala hatoki jasho.

Baba yako


Mazwi
30 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Goti la mama linaendeleaje? Mimi nipo.

Nilijaribu. Nikapumzika Jumanne moja tu, nikalala mpaka saa nne. Kumbe Maximilian alikuwa na wateja wapya, wamekuja kumwona mtu wa ukutani, hayupo. Hakunigombeza. Alicheka, akaniuliza hicho chumba anilaze mimi au ailaze picha. Jioni kijana mmoja akanishika mkono hapa juu, akaangalia ukuta, akaniangalia, akasema mchoraji alinipendelea. Baba, niliona aibu mpaka machozi yakanilenga.

Sina pa kutokea. Nikipumzika nafukuzwa, nikiendelea napungua. Kurudi nyumbani siwezi, kijiji kizima kinajua nakwenda Mbeya.

Nimemkumbuka Madoa, yule ng'ombe wetu wa jembe. Siku ile alipolala chini katikati ya shamba la Eustaki, ulinifundisha kwamba ng'ombe akilala kwenye jembe usimwachie, atazoea. Ukamsokota mkia, akainuka, akamaliza shamba. Basi na mimi najisokota mkia. Nimeongeza zamu ya mchana.

Mwanao,
Yonas


Ilemba
6 Aprili 2025

Yonas,

Marahaba. Salamu za wote nazileta zote kwa pamoja, sina subira ya kuzipanga.

Ulikuwa na miaka tisa. Nilikuambia Madoa alikufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Si kweli. Nimelibeba hili miaka kumi na nne na hata mama yako hajui.

Mvua ile ilichelewa, kila mtu akataka kulima wiki moja, na mimi nilikuwa nimewaahidi wote. Nilipenda kusikia wakisema ng'ombe wa Masunga hawachoki. Nikamfunga Madoa asubuhi, nikamfunga jioni, siku tisa mfululizo. Asubuhi ya kumi niliona mkojo wake, mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Niliona, mwanangu, nikafukia kwa mguu ili usione. Ndiyo siku aliyolala shambani kwa Eustaki.

Wewe umekumbuka kwamba aliinuka. Mimi nakumbuka alivyonitazama kwanza. Hakuinuka kwa sababu alikuwa na nguvu. Aliinuka kwa sababu ni mimi niliyemwambia. Kesho yake tulimkuta amekufa zizini.

Nilikufundisha vibaya. Angalia mkojo wako. Ukiwa hivyo usinyanyue hata ndoo, nenda hospitali. Kisha rudi nyumbani. Kijiji kikisema, kitasema kwangu.

Baba yako


Ilemba
27 Aprili 2025

Mwanangu,

Hujambo? Stanley ameenda mara mbili, jimu imefungwa na majirani hawajui. Simu yako haiiti. Mama yako nimemweleza yote, na la Madoa pia. Hasemi nami. Nijibu hata mstari mmoja.

Baba yako


Wodini, Sumbawanga
4 Mei 2025

Baba,

Shikamoo, na mama shikamoo yake. Mimi hai, Stanley amenipata, na barua yako ya mwisho nimeisoma. Nisamehe mwandiko, naandika nimelala.

Barua yako ya Madoa ilinifikia siku ile nimetoka kunyanyua na walimu. Niliisomea chooni ili Maximilian asinione. Nikaangalia. Ilikuwa chai ya rangi, baba, iliyokolea.

Nilitoka, watu wa mchana walikuwa wameshafika. Maximilian akaniita, wananisubiri. Nikakaa chini pale pale, chini ya ile picha. Akasema inuka, Yonas, wanakuangalia. Akanishika mkono akavuta. Nilitaka kumtii. Hujui nilivyotaka. Nikamwambia, "Sitainuka. Niitieni pikipiki."

Daktari anasema nyama za mwili zilikuwa zinayeyuka na kuziba figo. Ningenyanyua mchana ule nisingefika jioni. Wamenipa maji ya mishipa karibu wiki tatu, sasa mkojo ni safi. Vyuma nisiguse mpaka wanipime tena. Simu yangu ilibaki chumbani, na Maximilian alifunga jimu kwa hofu; sasa amefungua, chumba amepewa mwingine, na ukuta nasikia umepakwa rangi.

Mwambie mama aseme nawe. Wiki ijayo wakiniruhusu nakuja na gari la Stanley. Mpaka hapo nimelala tu, baba, kama ulivyosema.

Mwanao,
Yonas